Swali la Tatu

Kanisa lile halikumpa mtu mkate wa Meza ya Bwana bila kwanza kumhoji. Kila robo ya mwaka, katika juma lililotangulia Jumapili ya Meza, muulizaji wa kanisa alizunguka nyumba hadi nyumba pamoja na wazee wawili wa kushuhudia, akaketi sebuleni kwa kila muumini, akauliza maswali matatu. Aliyejibu sawasawa alikaribishwa mezani. Aliyekosa aliambiwa neno moja, "bado", na Jumapili hiyo akakaa benchi la nyuma kabisa, akitazama sahani ya mkate ikiishia benchi la mbele yake, wala hakuruhusiwa kuinuka mpaka meza ifunikwe kitambaa chake cheupe.

Aliyeuweka utaratibu huo alikuwa mchungaji aliyestaafu, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake ndiye aliyekuwa muulizaji. Neno lake lilimganda kama kupe. Watu walimwita Mzee Bado, kwanza kisogoni, baadaye machoni pake, naye hakukasirika. Alisema jina hilo ndilo hubiri fupi kuliko yote aliyowahi kutoa, na pengine ndilo pekee waliloshika.

Maswali yenyewe yalikuwa mepesi kukariri. La kwanza: mezani kuna nini? Mkate na divai, na zaidi ya mkate na divai. La pili: vilitolewa kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu nisiyestahili. La tatu ndilo lililokuwa fahari ya Mzee Bado: nani aliyekujulisha haya? Jibu lake lilikuwa maneno mawili tu: si mtu. Mzee Bado alifundisha kwamba maswali mawili ya kwanza hupima kichwa, na kichwa hata shetani anacho. La tatu hutafuta kama Mungu mwenyewe amemfunulia mtu yale ambayo kichwa kimeyabeba kama punda abebavyo mzigo asioujua. Ilikuwa hoja nzito. Udhaifu wake, ambao haukuonekana kumkosesha mtu usingizi, ni kwamba jibu hilo la kutofundishwa na mtu lilifundishwa na mtu, kila Jumatano jioni, katika chumba cha nyuma cha kanisa, na waliochelewa walifungiwa mlango.

Sasa Mzee Bado hakujua leo ni siku gani wala nyumba aliyomo ni ya nani. Maradhi ya usahaulifu yalikuwa yameingia kwake taratibu, kama mgeni mwenye adabu, yakaanza na majina ya watu, yakaenda kwenye majina ya vitu, yakaishia kwa mwanawe. Mwanawe huyo, ambaye watu wote walimwita Mkufunzi kwa sababu alifundisha katika chuo cha theolojia, aliishi naye chini ya paa moja, alimnyoa, alimfunga vifungo vya shati, na kila asubuhi alisalimiwa kwa heshima ile ambayo mtu humpa mfanyakazi wa posta.

Na Mkufunzi ndiye aliyerithi kazi ya kuuliza.

Robo mbili mfululizo alikuwa amemhoji baba yake mbele ya wazee. Mara ya kwanza, alipoulizwa mezani kuna nini, mzee alitazama meza ndogo ya sebuleni akasema kuna miwani ya mtu. Mara ya pili alilala. Mara zote mbili Mkufunzi alitamka "bado" kwa sauti aliyoitafuta sana, na mara zote mbili, Jumapili ilipofika, aliiona kutoka mbele, alikokuwa amesimama kusaidia kugawa, mikono ya baba yake ikinyooka kutoka benchi la nyuma, viganja juu, vikiwa vimekunjwa kidogo kama vya mtu anayekinga maji. Sahani haikufika. Mikono ilibaki hewani muda mrefu kuliko ilivyofaa, kisha mtu wa kando akaishusha.

Mikono hiyo Mkufunzi hakuweza kuiondoa akilini. Kama baba yake angekuwa amesahau kila kitu, pamoja na meza, shida isingekuwepo. Lakini mikono ilikumbuka. Na muuguzi wa kanisa, mama mmoja mnene wa maneno machache ambaye pia alikuwa mmoja wa wazee wawili wa kushuhudia, alikuwa amemwambia mlangoni, akivaa viatu vyake, kwamba robo hii afanye jitihada, kwa sababu robo nyingine yeye asingeiahidi. Kifua cha mzee kilikuwa kimeanza kujaa.

"Si umpe tu," shangazi yake alisema. Huyo alikuwa dada mdogo wa Mzee Bado, mjane, aliyehamia pale ili mtu wa kupika awepo na, kama alivyosema mwenyewe, ili mtu wa kusema ukweli pia awepo. "Utampa mkate, si bunduki."

"Shangazi, unaijua kanuni."

"Naijua. Imenirudisha mara tatu. Mara ya mwisho kaka yangu alinirudisha kisha akaomba aongezwe chai."

"Ndiyo maana siwezi. Mwenyewe alisema, akimruhusu mmoja kwa huruma, wale wengine walijibu kwa faida gani? Nikimpitisha kwa mlango wa uani, nimeifuta kazi yake yote ili nimpe kipande cha mkate."

Shangazi alikuwa akichagua mawe kwenye mchele. Alitoa moja, akalitazama kana kwamba lina hoja.

"Mwanangu, umesoma mpaka vitabu vinakuogopa. Lakini nikuambie. Kichwa ni sebule. Mnapanga viti, mnaweka kitambaa, mnangoja Mungu abishe hodi mbele. Yeye anaingilia jikoni. Kaka yangu sebule imeungua. Jikoni hujui kuna nani."

"Na wewe unajua?"

"Mimi siulizwi. Mimi nimerudishwa mara tatu."

Mkufunzi aliyajua mabishano hayo. Angeweza kutaja waandishi wa kale waliosema kama shangazi na waliosema kinyume chake, na karne walizoishi, na waliowafukuza. Alijua maneno ya Kiyunani yenye maana ya kujua, na lipi hutumika mtu anapokijua kitu na lipi anapomjua mtu. Jambo moja tu hakuwa nalo, na hilo hakumwambia mtu: tangu abatizwe akiwa kijana, hakuna kitu kilichowahi kumjia kutoka juu. Swali la tatu alilijibu kila robo kama mtu anavyotaja anwani yake, bila shaka na bila msisimko. Hakudhani kwamba anadanganya. Alidhani yuko kwenye foleni, na kwa kuwa hakuna aliyemtoa kwenye foleni, aliamini zamu ipo.

Basi aliamua kufanya lile analolijua. Angemfundisha baba yake upya.

Kila asubuhi, baada ya uji, alikaa mbele ya mzee, magoti yakigusana, akauliza: "Mezani kuna nini?" Alingoja. Kisha alijibu mwenyewe, pole pole, akimtaka mzee afuatishe. Aliuliza kwa maneno yaleyale, kwa mkazo uleule, hata kwa kile kikohozi kidogo ambacho Mzee Bado alikuwa akikitanguliza, kwa sababu alikuwa amesoma mahali kwamba sauti zilizozoeleka huamsha kumbukumbu. Na kweli kuna kitu kiliamka. Kufikia mwisho wa juma la kwanza mzee aliposikia kikohozi aliketi wima. Juma la pili alianza kutikisa kichwa maswali yakiulizwa, kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake. Jibu hakulitamka hata moja, lakini uso ulichangamka, na Mkufunzi, ambaye alikuwa mwalimu na hivyo alikuwa mwepesi wa kudanganywa na uso uliochangamka, alijiambia kwamba jibu liko ulimini, linasubiri siku.

Lile ambalo hakulifikiria, na ambalo mtu asiye msomi angeliona akiwa amelala, ni kwamba baba yake hakuwa amejibu maswali hayo kwa miaka mingi. Yeye aliyauliza.

Siku ya mahojiano shangazi alipiga pasi koti jeusi, akamvalisha kaka yake, akampaka mafuta mikononi. Wazee waliingia mchana, jua likiwa bado kali dirishani. Muuguzi alikaa karibu na mlango. Mwenzake, mpima ardhi mstaafu aliyeitwa na wote Mzee Mpima, mtu mwembamba aliyeamini kwamba ugomvi wote wa dunia hii ulitokana na mipaka iliyowekwa kwa kukisia, alichagua kiti kigumu, akaweka kofia yake magotini, akasema waanze.

Mkufunzi alikohoa. "Mezani kuna nini?"

Mzee Bado aliketi wima. Aliinua kiganja, kama mtu anayezuia gari.

"Kaa vizuri," alisema.

Sauti ilikuwa ile ya zamani. Shangazi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na taulo begani, aliacha kufuta mikono. Mkufunzi alirekebisha mgongo wake bila kufikiri, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mtoto.

"Sasa," Mzee Bado alisema, na kwanza akakohoa. "Mezani kuna nini?"

Mkufunzi aliwatazama wazee. Mzee Mpima alikuwa ameinama mbele. Mkufunzi aliona hakuna la kufanya ila kujibu, kwa matumaini kwamba mzee angefuatisha. "Mkate na divai, na zaidi ya mkate na divai."

"Vilitolewa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yangu nisiyestahili."

Mzee Bado alitikisa kichwa polepole, bila kuridhika na bila kukataa. Alikuwa akimtazama mwanawe moja kwa moja. Kwa mwaka mzima macho yale yalikuwa kama nyumba iliyopangishwa kisha ikaachwa. Sasa mwenye nyumba alikuwa amerudi na kusimama dirishani. Alijua kinachofuata na jibu lake, na maneno mawili yalikuwa tayari mdomoni kama sarafu.

"Nani aliyekujulisha haya?"

Kama angeulizwa na mtu mwingine yeyote, angejibu. Lakini mtu huyu alikuwa amemshika mkono akamfundisha kusoma kwa Zaburi. Alimfundisha kusali kabla ya kumfundisha kufunga kamba za viatu. Kila alilolijua kuhusu Mungu, kila sentensi, kila koma, ama lilitoka kinywani kwake ama lilitoka kwenye kitabu alichonunuliwa naye. Mkufunzi alitafuta, chini ya hayo yote, kitu kimoja kidogo ambacho hakikupitia kwa mtu huyu. Alitafuta kwa uaminifu wa mtu anayepekua mifuko yake mbele ya askari. Hakukuwa na kitu.

"Ni wewe, baba," alisema.

Mkufunzi alikuwa bado ana tumaini moja, nalo halikuwa la kitheolojia: kwamba baba yake, akiisikia sentensi hiyo, angemtambua.

Mzee Bado alimtazama kwa upole mkubwa. Neno "baba" alikuwa ameitwa na watu wengi katika kazi yake, na halikumwambia lolote jipya.

"Bado," alisema. "Rudi robo ijayo. Usikate tamaa, kijana. Wengi huanza hivyo."

Kisha akageukia dirisha, na aliyekuwa amesimama machoni akaondoka. Baada ya muda mfupi aliuliza kama wageni wamepewa chai.

Wa kwanza kusema alikuwa Muuguzi. "Basi, tumeona. Hajajibu. Tuseme bado, twende nyumba ya pili."

"Ngoja," alisema Mzee Mpima. "Hatujaona kitu kimoja. Tumeona viwili. Tumemwona mzee hajajibu, na tumemwona Mkufunzi amejibu vibaya."

"Mkufunzi hakuwa anahojiwa."

"Aliulizwa maswali matatu na muulizaji, mbele ya wazee wawili. Kama hayo si mahojiano, mimi sijui yanaitwaje."

"Muulizaji gani, Mzee Mpima? Huyu mgonjwa? Nina mtu wodini, alikuwa dereva. Haongei, halijui jina la mkewe, lakini mchana kutwa anazungusha usukani kitandani. Utapanda gari lake?"

Mzee Mpima hakutabasamu. "Sitapanda. Lakini wewe na mimi kila robo tunasema si mtu, si mtu, si mtu. Ule wetu ni usukani wa gari lipi?" Aligeuza kofia yake magotini. "Mimi nasema hivi. Mpaka ni mpaka pande zote mbili. Kama mzee hana akili, swali lake ni upepo, Mkufunzi ni mzima, na mzee anabaki nyuma. Kama mzee ana akili, alijua anachouliza, na asiyelijua jibu sahihi hawezi kulikataa lisilo sahihi. Basi amejua. Anapita. Lakini hapo na hukumu yake inasimama."

"Yaani mmoja aingie mmoja atoke."

"Mimi sikuuweka huo mpaka. Nimeukuta."

Muuguzi alimgeukia Mkufunzi kwa sauti aliyoitumia kwa wagonjwa waliogoma kumeza dawa. "Baba, hebu sema tu. Ulimjibu vile kumfurahisha mzee. Ulimwona amechangamka, ukataka kumfariji. Si ndiyo?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, na mwenye kuufungua alikuwa mtu mwema. Kusema ndiyo kungemrudisha Mkufunzi mahali pake: darasa la Jumatano, chuo, mbele ya kanisa akigawa sahani. Na mikono ya baba yake ingebaki hewani tena, safari hii labda kwa mara ya mwisho. Aidha, haikuwa kweli. Yeye alijaribu kuiona kama kweli, kwa muda wa pumzi mbili tatu, akashindwa.

"Sikuwa ninamfariji," alisema. "Lihesabuni."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Mimi ndiye huwa nawaeleza."

Mzee Mpima aliinuka, akavaa kofia, akaivua tena kwa sababu alikuwa bado ndani. Alionekana mtu aliyeshinda kesi asiyoitaka. Muuguzi alimpa Mkufunzi mkono akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kama anayehesabu mapigo ya moyo.

Walipoondoka shangazi alitoka jikoni. "Kwa hiyo kaka yangu amefaulu kwa kumwangusha mwanawe. Hii dini mmeinunua duka gani?"

Mkufunzi alianza kurudisha viti mahali pake.

"Njoo ule," alisema shangazi, kwa sauti nyingine.

Siku zilizobaki kabla ya Jumapili alizipitisha kama mtu aliyetumiwa ujumbe kwamba mgeni yuko njiani. Shangazi alikuwa amemwambia kwamba pengine huo ndio mwanzo; kwamba mtu husema ukweli kwanza, na Mungu huja baadaye kuona ni nani huyo anayesema ukweli. Yeye hakuamini hivyo, lakini alifanya yote ambayo mtu anayeamini angefanya. Alifunga mlango wa chumba chake, akapiga magoti. Hakutumia kitabu. Alijaribu kuacha kufikiri, akagundua kwamba anafikiri juu ya kuacha kufikiri, na kwamba alikuwa na somo zima la muhula wa pili juu ya tatizo hilo. Alisikia mtu wa jirani akipiga misumari. Alisikia baba yake, ng'ambo ya ukuta, akikohoa kikohozi cha kifua, si kile cha maswali. Alikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Akainuka akijua yaleyale aliyokuwa akiyajua.

Jumatano alimwomba mwalimu mwingine ashike darasa. Mwalimu huyo, msichana mchangamfu, alimuuliza kama jibu la tatu linafundishwa kabla au baada ya mapumziko.

Jumapili alimvalisha baba yake, akamkabidhi kwa shangazi, nao wakaenda wakaketi benchi la mbele kabisa. Yeye alikwenda nyuma. Habari ilikuwa imetangulia, kwa sababu kanisani habari hutangulia hata waliotenda, na vichwa vilivyogeuka vilijirudisha haraka. Kwenye benchi la nyuma palikuwa na watu wachache, wote aliowarudisha yeye. Fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sindano iliyosahaulika kwenye ukosi wa gauni, alisogea kumpisha.

"Karibu, Mkufunzi," alinong'ona. "Usikae hapo pembeni, mbao ina msumari."

"Asante, mama."

"Umekosa lipi?"

"La tatu."

Fundi cherehani alishangaa kwa dhati. "La tatu? Hilo mbona ndilo rahisi. Mimi uliniangusha la pili, nilisahau kusema nisiyestahili. La tatu nililipata."

Mkufunzi alimgeukia. Jambo fulani katika uso wake lilimfanya mwanamke yule aongeze sauti kidogo, kwa wema.

"Nilisema si mtu. Kama ulivyotufundisha."

Mkufunzi alisubiri kuona kama fundi cherehani alikuwa na la kuongeza. Hakuwa nalo. Alikuwa amegeukia mbele, akinyoosha shingo, kwa sababu kitambaa cheupe kilikuwa kinafunuliwa.

Sahani ilianza benchi la mbele. Kutoka nyuma Mkufunzi aliona kisogo cha baba yake, na ukosi wa koti uliopigwa pasi, na mikono ile ikinyooka. Iliinuka vilevile, viganja juu, vikiwa vimekunjwa kidogo. Safari hii sahani ilisimama. Kipande cha mkate kiliwekwa ndani ya kiganja cha Mzee Bado.

Mzee alikitazama.

Shangazi alikula cha kwake. Mwanamume wa upande wa pili alikula cha kwake. Mzee Bado aliendelea kukitazama, akakigeuza upande wa chini, akakirudisha. Kikombe kikaja kikampita, kwa kuwa hakikutolewa kwa mtu ambaye bado ameshika mkate. Shangazi alimgusa kiwiko. Akamgusa tena. Alimwinamia sikioni akasema kitu, na mzee alimtikisia kichwa kwa adabu ya mtu aliyepewa maelekezo na mtu asiyemfahamu. Kisha akafungua kifuniko cha mfuko wa koti, upande wa moyo, ambako kwa miaka yote alizoea kuweka kalamu, akautia mkate humo, akafunga kifungo, akaukandamiza mfuko kwa kiganja.

Shangazi aligeuka. Kupitia vichwa vyote vya kanisa lile alimtafuta Mkufunzi, akampata, akafungua mikono yake mitupu.

"Amekula?" fundi cherehani alinong'ona. "Mzee amekula? Sioni, yule baba ana kichwa kikubwa."

"Ameuweka mfukoni."

"Ha. Basi nenda kamwambie. Wewe ndiye unayemjulia."

"Hairuhusiwi kuinuka mpaka meza ifunikwe."

"Nani kasema?"

Aliyesema alikuwa benchi la mbele, ameshikilia mfuko wake. Mkufunzi aliweka mikono magotini. Kanuni ilichunguza kama mtu anajua, na kama anastahili, na kama amefunuliwa. Juu ya kutafuna haikuwa na neno lolote. Huenda aliyeitunga alidhani hilo kila mtu analijua. Wimbo uliimbwa. Kikombe kilirudi mezani, na kitambaa kikashushwa, kikanyooshwa pembe zake moja baada ya nyingine na Mzee Mpima, ambaye hakuwahi kuvumilia pembe iliyopinda.

Mkufunzi alimpata baba yake nje, mlangoni, juu ya ngazi. Shangazi alikuwa amezuiwa na watu waliotaka kumpongeza.

"Baba," alisema, akimsogelea karibu ili wapitao wasisikie. "Kile ulichopewa. Kiko hapa mfukoni. Kitoe ule."

Mzee Bado alimsikiliza mpaka mwisho. Jua lilikuwa linamwingia machoni, na machoni hapakuwa na mtu.

"Nimeshiba, asante," alisema.

"Kidogo tu. Ni cha kwako. Ulikuwa unakitaka."

"Nimeshiba," alisema mzee tena, bila hasira, akahamisha kiganja chake kufunika mfuko vizuri zaidi, kama mtu anayejihadhari na wezi wa sokoni lakini hapendi kuonekana anamshuku yeyote.

Mkufunzi alisimama. Angeweza kufungua kifungo kile. Mzee hakuwa na nguvu. Angeweza kumwekea mdomoni, kama alivyomwekea uji kila asubuhi. Mkono wake uliinuka hadi nusu. Watu walikuwa wanapita, wakisalimia, wakisema hongera mzee, na mzee aliwapokea wote sawasawa. Mkufunzi aliushusha mkono, akaona kwamba baba yake ameanza kutazama chini, kwenye ngazi, kwa wasiwasi unaokua, kwa sababu hakukumbuka zinavyoshukwa.

Akampa bega.

"Mguu wa kulia kwanza, baba," alisema. "Hapo. Sasa wa kushoto. Upeleke karibu na mwenzake."

Mzee alimshika kwa mkono mmoja, akafanya kama alivyoambiwa.

"Tena wa kulia," alisema Mkufunzi.